Ngazi Katikati ya Ua

Kitu cha kwanza ambacho Selina alikidharau kwa Laurenti Mughwai kilikuwa penseli. Aliichomeka juu ya sikio tangu asubuhi mpaka jioni, hata kanisani, kana kwamba Mungu naye angeweza kuomba achorewe kitu kwa ghafula. Cha pili kilikuwa soksi. Mwaka ule wa hamsini na tatu Itigi yote ilikuwa vumbi, na mwanamume mwenye akili zake alivaa makubazi au alikwenda miguu mitupu. Huyu alivuta soksi nyeupe mpaka magotini, na kila jioni zilikuwa zimegeuka rangi ya matofali. Selina angeweza kuendelea kuhesabu. Alikuwa amehesabu wiki tatu nzima, na kilichomuudhi kuliko vyote ni kwamba kila alipomaliza alijikuta anaanza upya. Mtu unayemdharau kweli unamhesabu mara moja ukamsahau.

Laurenti hakuwa mgeni wa kabila. Alikuwa Mnyaturu kama wao, mtoto wa mfugaji wa Ikungi, ila wamisionari walimchukua akiwa na miaka kumi, na kutoka kwao akapelekwa Dar es Salaam kujifunza kuchora ramani za majumba. Alirudi baada ya miaka kumi na minne akiwa na sanduku la vyombo vya shaba na barua ya ofisi ya majengo ya Dodoma. Alitumwa kujenga nyumba ya ghorofa ya wafanyakazi wa reli pale Itigi, mji ambao haukuwahi kuona ghorofa wala kuiota. Kota za zamani, ule mstari wa vyumba vya bati ambavyo saa nane mchana viliwaka kama tanuri, zingebomolewa. Familia kumi na sita zingehamia nyumba mpya, nane chini na nane juu, ua mmoja katikati. Petro Alute, baba yake Selina, mnyapara wa genge la reli, alipewa chumba namba tatu, chini. Laurenti, ambaye angebaki kuwa msimamizi wa nyumba, alijichagulia chumba ambacho kingekuwa juu ya hicho hicho namba tatu.

Alikuwa na sababu yake. Jumatano alimfuata Selina kituoni, mahali ambapo binti huyo huwauzia abiria asali ya kuchuja, akanunua chupa tatu wakati kila mtu alijua kwamba hali asali, kisha akamwambia bila kuzunguka kwamba anataka kumtuma mshenga kwa baba yake. Selina alimjibu kwamba atampa neno Jumamosi. Alisema Jumamosi kwa sababu aliogopa kwamba akisema siku ile ile angesema ndiyo, naye hakutaka kumpa mtu mwenye soksi furaha ya haraka namna hiyo.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Ijumaa jioni, wakati wa chakula, baba yake alicheka mpaka akaweka tonge chini. Alisema amemwona kijana huyo wiki nzima akitembea na kamba mkononi kama mtu aliyepotelewa na mbuzi, na kwamba kama kusoma ndiko huko, basi anamshukuru baba yake aliyemnyima. Lakini hakukataa. Petro alidharau karibu kila mtu, na wachache aliowakubali aliwadharau vizuri zaidi.

Mama yake, Kristina, ndiye hakucheka. Mchana ule alikuwa amekwenda na jirani yao Martha kuitazama nyumba, maana Laurenti alikwisha kupigilia vigingi na kufunga kamba juu ya ardhi, kila ukuta na kila mlango mahali pake, tayari kwa kuchimba msingi Jumatatu. Wanawake wale wawili walizitembelea kamba kimya. Jioni Kristina alimwambia bintiye kwamba hatamkataza. Akitaka kuolewa na yule mchoraji, aolewe. Ila yeye Kristina siku hiyo hiyo atafunga vitu vyake arudi Ikungi kwa dada yake, na hatarudi, kwa kuwa katika nyumba ile hakuna mahali ambapo mama mwenye mkwe anaweza kuishi.

"Ngazi inashuka mbele ya jiko letu," alisema. "Huyo hajui hata mtu asimame wapi."

Kwa Wanyaturu wa siku zile, mkwe na mama mkwe hawakuzoeana. Kijana aliyekwisha kuposa hakula mbele ya mama wa mchumba wake, hakumtaja kwa jina, wala hakupishana naye njiani. Wakikutana, mmoja aliiacha njia, akaingia majanini, akageuza mgongo mpaka mwenzake apite. Haikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na wanawake waliipenda kuliko wanaume, maana ilikuwa ndiyo heshima pekee iliyomfanya mwanamume mwenye nguvu zake amwachie mwanamke njia. Selina hakuwahi kuifikiria sana. Usiku ule aliifikiria. Baba yake alikuwa na miguu mibovu na kazi ya reli, asingeweza kumfuata mkewe Ikungi. Kumkubali Laurenti kulikuwa ni kumtoa mama yake nyumbani kwake baada ya miaka kumi na moja ya kuvumilia kota za bati.

Ndiyo maana Jumamosi, jua lilipokuwa limepanda, alikwenda penye zile kamba akiwa amekwisha kukasirika njiani.

Vibarua walikuwa wamekwenda kula. Laurenti alikuwa amechuchumaa peke yake akikaza kamba kwenye kigingi. Alipomwona alisimama, akajikung'uta magoti, akanyoosha mkono kama mwenye hoteli.

"Karibu nyumbani."

"Nyumbani ndiyo hapa penye kamba?"

"Hapo uliposimama ni dirisha lenu."

"Basi nimevunja kioo," alisema Selina, na hakusogea.

Laurenti alicheka, akaanza kumtembeza. Alieleza kila kitu kwa maneno ya kitabuni, na Selina alimfuata nyuma akidharau maneno hayo moja moja. Milango yote kumi na sita ingefunguka kuelekea uani. Katikati ya ua kungekuwa na mkwaju, ambao angeupanda mwenyewe, na chini yake mabenchi ya saruji. Bomba la maji hapa, kamba za kuanikia nguo pale, vyoo vinne kwa mstari upande wa kusini. Kisha akasema jambo ambalo halikuwa la kitabuni. Alisema Dar es Salaam alipanga chumba kwa miaka sita, mlango wake ukitazama barabara, na chumba cha pili yake alikaa mzee mmoja mwuza mkaa. Hakuwahi kujua jina lake. Mzee yule alifariki, na walijua siku ya tatu, kwa harufu. Siku hiyo Laurenti alijiapia kwamba akipewa kuchora nyumba ya watu wengi, ataichora watu wawe wanaonana.

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Alimtazama Selina, na mtazamo ule haukuwa na penseli wala soksi, ulikuwa wa mtoto wa mfugaji aliyekaa peke yake mahali pa mbali kwa muda mrefu mno. Jambo hilo lilimgusa Selina, na kwa kuwa lilimgusa alizidi kukasirika.

"Wazo zuri," alisema. "La nani?"

"Langu."

"Na ngazi hii hapa katikati?"

"Nayo yangu." Laurenti alitabasamu. Alieleza kwamba ngazi ndiyo pambo la nyumba nzima. Watu wa juu wangeshuka mbele ya wenzao kwa heshima, si kunyemelea kwa nyuma kama wezi.

"Twende tupande basi."

Selina alimpeleka Laurenti mpaka mahali ambapo kingekuwa chumba chake cha juu, akamsimamisha hapo kwenye vumbi. Yeye mwenyewe akarudi chini, hatua kumi, akasimama penye vigingi vinne vya jiko la namba tatu.

"Sasa ni asubuhi," alisema. "Umeamka. Unataka nini?"

"Maji ya kunawa."

"Shuka uyafuate."

Laurenti alishuka ngazi isiyokuwepo, akiinua miguu kwa madaha, akitabasamu bado. Selina alimwacha afike chini kabisa.

"Simama. Mimi sasa si Selina. Mimi ni mama, nimeinama hapa napuliza moto, na wewe ni mkwe wangu. Niambie nikimbilie wapi."

"Ndani."

"Mlango uko nyuma yako. Nipite kwapani mwako?"

Laurenti alitazama mlango. Ulikuwa pale pale alipouweka. Alisema basi mama angeweza kwenda upande wa vyoo kwa kitambo kidogo.

"Vyoo umevigeuza vyote vinatazama uani, familia kumi na sita zinahesabu nani kaingia na kakaa muda gani. Unataka mama yangu aingie chooni mkwe wake akitazama? Na Martha? Ana wakwe wawili katika genge la baba. Ulimwuliza Martha?"

"Mchoraji hawezi kumwuliza kila mtu."

"Umechora nyumba ya watu wasio na wakwe, Bwana Michoro. Watu hao wanaishi nchi gani? Labda bwana wako wa Dodoma anawajua."

Tabasamu lilikwisha. Laurenti alivua kofia, akafuta jasho, na aliposema tena sauti yake ilikuwa baridi. Alisema alidhani Selina amepita mambo haya. Alidhani msichana aliyesoma kwa masista mpaka darasa la nne hawezi kuwaza kama vikongwe wa porini. Kukimbiana njiani ni tabia ya watu wenye pori la kukimbilia, na mjini hakuna pori. Watu wangezoea. Nyumba hubadili watu, hilo limeandikwa vitabuni. Mwaka mmoja tu, na mama yake Selina mwenyewe angemsalimu ngazini na kumpokea mzigo.

"Mama yangu hatakuwepo," alisema Selina. "Siku nitakayoolewa na wewe anahamia Ikungi. Amesema jana, na yeye hasemi mara mbili."

Laurenti alizitazama kamba za ngazi. Upande wa kituoni injini ya mizigo ilikuwa inapumua, na sauti yake ilijaza mahali pote.

"Kwa sababu ya ngazi?"

"Kwa sababu yako. Ngazi haikujichora."

Alimwambia ang'oe vile vigingi basi, avipeleke mahali pengine, Jumatatu haijafika. Hapo ndipo Laurenti alipomweleza, akitazama chini, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Ramani ilikwisha kupigwa mhuri Dodoma. Kulikuwa na wachoraji wengine wawili wenye miaka mingi kazini, na yeye aliwapita kwa sentensi moja tu: alimwambia bwana wa ofisi kwamba nchi ile ni ya kwao, watu wake anawajua mmoja mmoja, hakuna awezaye kumfundisha namna wanavyoishi. Bwana yule alimwamini. Sasa arudi kumwambia nini?

"Kwamba hukujua."

"Nitachekwa ofisi nzima."

"Hapa unachekwa tayari, na hukulipa nauli." Selina alijifunga kanga upya, ingawa haikuwa imelegea. Alihisi machozi yako karibu na hakutaka yaonekane na mtu aliyemwita kikongwe. "Jibu langu ni hili. Usimtume mshenga. Akija, baba atamkaribisha kwa heshima na mimi nitamrudisha. Kaa na ghorofa yako uzoee."

Aligeuka aondoke. Hakuwa amepiga hatua tatu alipomwona mama yake.

Njia ya kutoka kota kwenda relini ilipita pale pale tangu zamani, kabla ya kamba za Laurenti, na Kristina hakuona sababu ya kuibadili kwa ajili ya nyuzi. Alikuwa anampelekea mumewe chakula. Alikuja ameshika kapu kichwani kwa mkono mmoja, akitembea katikati ya mlango mkuu ambao haukuwa na mlango, akivuka ua kama mtu anayevuka shamba lililovunwa.

Selina alisikia kishindo nyuma yake.

Laurenti Mughwai, mchoraji wa ofisi ya majengo, alikuwa amemwona pia, na miguu yake haikungoja kichwa. Aliruka kamba ya kwanza, akajikwaa kwenye ya pili, akazunguka akitafuta kichaka, na hapakuwa na kichaka, alikwisha kufyeka vyote. Akaenda kulia, akakuta jiko. Akaenda kushoto, akakuta bomba. Mwishowe aliingia mbio katika mraba mdogo wa kamba upande wa kusini, akageuza mgongo, akajifunika uso kwa kofia yake, akasimama wima kabisa. Alikuwa amesimama katika choo cha tatu.

Kristina alisimama. Kijana yule hakuwa ameposa. Hakuwa ameleta mshenga wala kuku. Hakuna desturi yoyote iliyomlazimu kumkimbia Kristina Alute kuliko kumkimbia mwanamke mwingine yeyote wa Itigi, na dakika iliyopita tu alikuwa ameambiwa hatakiwi.

Mama alitazama mgongo ule kwa muda mrefu. Aliposema, alisema na binti yake, kama ipasavyo, huku akitazama relini.

"Selina. Mwulize mtu aliyeko chooni kwa nini ananikimbia. Nimeambiwa amesoma."

Selina hakuhitaji kuuliza. Sauti ilitoka ndani ya kofia.

"Mwambie mama nimeona haya."

"Mwambie haya ni kitu kizuri," alisema Kristina. "Amechelewa nazo lakini amefika. Mwambie pia anaonekana. Ninamwona tangu visigino mpaka kisogoni, na mtu yeyote wa juu angemwona vizuri zaidi. Hata pa kujificha yeye mwenyewe hakujichorea."

"Mwambie mama nimeona."

"Ameona nini?"

Kofia ilishuka kidogo, lakini kichwa hakikugeuka.

"Mwambie nilikosea."

Kristina aliweka kapu vizuri kichwani. Mbele yake njia ilikuwa nyoofu mpaka relini, njia aliyoipita kila siku kwa miaka kumi na moja. Hakuifuata. Aliiacha, akakata upande wa kaskazini, akainamisha macho na kuupa mgongo ule mgongo wake, akapita mbali kando ya vichaka vya Itigi ambavyo huchana nguo za kila mtu, akizunguka nyumba nzima ambayo haikuwepo. Selina alimtazama mama yake akimwachia njia yule kijana mwenye soksi, na machozi aliyokuwa ameyazuia kwa hasira yalitoka bila hasira yoyote.

Baada ya kitambo Laurenti aliita, bado ametazama kusini.

"Selina. Amekwenda?"

Selina alitazama. Kapu la mama yake lilikuwa linashukia upande wa pili wa tuta la reli.

"Bado. Tulia hapo hapo." Alijifuta uso kwa pindo la kanga. "Ngazi utaipeleka wapi?"

"Nje. Upande wa mashariki, nje ya ukuta. Watu wa juu watakuwa na mlango wao."

"Na jiko?"

"Majiko nitayapa ua mdogo wa wanawake, nyuma, uliozungushiwa minyaa mirefu kuliko mtu. Huu mkubwa utabaki wa watoto na mkwaju." Alikuwa anachora tayari, kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya ukingo wa kofia. "Vyoo nitavigeuza. Milango miwili mikuu, si mmoja."

"Dodoma je?"

Kidole kilisimama. Shingo yake ilikuwa inachuruzika jasho, na Selina aliona kwa mara ya kwanza kwamba nyuma ya shingo ile palikuwa na kovu dogo la chanjo au la mwiba, la utotoni, la siku ambazo bado alichunga.

"Nitakwenda mwenyewe na treni ya leo. Nitamwambia bwana kwamba nilidai kuijua nchi yangu, na sikuijua."

"Atakufukuza?"

"Huenda."

"Atakucheka?"

"Hilo hakika."

Selina alifikiri. Alijua kuna wanawake ambao wangeona hapo pa kumhurumia mwanamume, wakamwambia neno laini. Yeye hakulelewa na watu wa maneno laini.

"Ukirudi," alisema, "uwe na kazi au usiwe nayo, mtume huyo mshenga wako. Awe mtu mzima, mwenye adabu. Na asijue kuchora."

Mgongo ulitikisika. Hakujua kama ni kicheko au ni kitu kingine, na mwenye mgongo hakugeuka kumwonyesha.

"Sasa amekwenda?" aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyeanza kuungua.

Selina aliitazama njia. Ilikuwa tupu mpaka relini, na relini kwenyewe hapakuwa na mtu. Alivuta tofali, akakaa, akazitandaza kanga zake vizuri magotini, akautazama mgongo ule kwa nafasi yake, pasipo mtu wa kumwona akiutazama.

"Bado yupo," akasema.